Mwenye kompyuta asifichwe matundu ya faili

Seva nyingi za Linux zimekuwa na faili liitwalo lastlog, linalokaa ndani ya folda ya /var/log. Kazi yake ni nyepesi: kuweka kumbukumbu ya lini kila mtumiaji aliingia kwenye mfumo kwa mara ya mwisho. Hata hivyo, faili hilo limewashtua mafundi wengi. Fundi akiorodhesha mafaili kwa amri ya ls -l, anaweza kulikuta lina terabaiti 1.2, ilhali diski nzima ya seva haifiki hata nusu ya hapo. Akilipima kwa amri ya du, inayohesabu nafasi iliyotumika kweli kwenye diski, anapata kilobaiti chache tu. Hakuna kirusi hapo wala diski mbovu. Amri zote mbili zimesema kweli, ila kila moja imejibu swali lake.

Siri iko kwenye hesabu. Katika lastlog kila mtumiaji ana nafasi yake ya baiti 292, na mahali pa nafasi hiyo hupatikana kwa kuzidisha namba ya mtumiaji kwa 292. Mtumiaji namba 1000 huandikwa baada ya baiti 292,000 za mwanzo. Matoleo ya zamani ya biti 64 ya Linux ya kampuni ya Red Hat yalikuwa na akaunti ya mfumo iitwayo nfsnobody, ambayo namba yake ni 4,294,967,294. Kumbukumbu ya akaunti hiyo ikiandikwa hata mara moja, programu huruka mbele baiti trilioni 1.25 na kuiweka huko mwisho. Katikati hakuna aliyeandika chochote. Mfumo wa faili nao hautengi nafasi kwa eneo ambalo halijaandikwa. Unakumbuka tu kwamba hapo hapana kitu, na programu yoyote ikija kupasoma inapewa sufuri tupu. Ni kama mwenye duka anayeandika kwenye daftari kwamba ukurasa wa 2 hadi wa 900 hauna mauzo, badala ya kununua karatasi zote hizo na kuziacha nyeupe.

Eneo hilo lisiloandikwa ni tundu, na faili la namna hiyo ni faili lenye matundu. Mbinu hii imeokoa nafasi isiyohesabika kwenye diski za dunia. Diski za mashine pepe zinaitumia, hifadhidata zinaitumia, na programu za kupakua mafaili makubwa kwa vipande zinaitumia pia. Inastahili kusifiwa, na inastahili kufahamika na watu wengi zaidi ya mafundi wa seva.

Lakini ina sharti lake. Tundu likitobolewa, likijazwa au likihamishwa bila mwenye kompyuta kuambiwa, faida yake hugeuka kuwa hasara: diski hujaa ghafla, nakala za akiba hukataa kurejeshwa, na mara nyingine data hupotea bila hata ujumbe wa kosa. Hatari hiyo huonekana wazi zaidi pale desturi mbili zinapokutana ndani ya mashine moja, yaani pale programu za Unix zinapoendeshwa juu ya Windows kupitia tabaka la upatanifu kama Cygwin. Makala haya yanatetea jambo moja: uamuzi wa kutoboa faili ni wa mwenye kompyuta, na programu yoyote inayoufanya kwa niaba yake inapaswa kumwambia.

Desturi mbili, diski moja

Upande wa Unix, matundu ni jambo la kale. Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao wa Bell Labs nchini Marekani walijenga mfumo ambao kila faili lina faharasa ya anwani za vipande vyake kwenye diski. Anwani ikiwa sufuri, maana yake kipande hicho hakipo, na msomaji hupewa sufuri. Mwongozo wa Toleo la 7 la Unix, la mwaka 1979, tayari ulieleza kwamba kusogea mbali kupita mwisho wa faili na kuandika huko huacha pengo lisilokula nafasi. Mwandishi wa programu hakuhitaji kuomba ruhusa wala kuweka alama yoyote. Alisogea, akaandika, tundu likazaliwa. Kwa hiyo vizazi kadhaa vya programu za Unix vimeandikwa kwa kuamini kwamba kuruka mbele hakugharimu kitu.

Windows ilikuja na desturi nyingine. Mfumo wake wa faili, NTFS, ulitoka pamoja na Windows NT 3.1 mwaka 1993, lakini uwezo wa kuwa na matundu uliongezwa baadaye, kwenye Windows 2000. Na ulikuja na masharti: programu lazima kwanza iuambie mfumo kwamba faili hili linaruhusiwa kuwa na matundu. Faili hupewa alama. Lisipokuwa na alama hiyo, mambo huenda tofauti kabisa.

Tuchukue programu inayosogea gigabaiti 10 mbele ndani ya faili lisilo na alama, kisha ikaandika baiti moja. NTFS hutenga gigabaiti zote 10 papo hapo. Kisha, kabla ya kuikubali ile baiti moja ya mwisho, hujaza sufuri katika eneo lote lililoachwa nyuma. Diski ngumu inayoandika megabaiti 100 kwa sekunde itafanya kazi hiyo kwa zaidi ya dakika moja na nusu, na muda wote huo mtumiaji anaona programu imeganda.

Sababu ya kujaza sufuri ni njema. Nafasi iliyotengwa kwenye diski huwa na mabaki ya mafaili yaliyofutwa: pengine orodha ya mishahara, pengine taarifa za wagonjwa. Kama mfumo ungempa mtumiaji mpya nafasi hiyo bila kuisafisha, angeweza kusoma siri za aliyemtangulia. Unix hulikwepa tatizo hilo kwa kutotenga nafasi kabisa. NTFS, pasipo alama, hulikabili kwa kusafisha kila kitu.

Kazi ya mkalimani

Cygwin ilianza mwaka 1995 katika kampuni ya Cygnus Solutions ya Marekani, iliyokuwa imeanzishwa mwaka 1989 kwa ajili ya kuuza huduma zinazohusu programu huria. Aliyeianzisha ni mhandisi Steve Chamberlain. Mwaka 1999 Red Hat ilitangaza kuinunua Cygnus, na kwa miaka mingi tangu hapo mradi umeongozwa na Corinna Vinschen. Moyo wa Cygwin ni maktaba moja, cygwin1.dll. Programu iliyoandikwa kwa ajili ya Unix huundwa upya ili izungumze na maktaba hiyo, nayo maktaba huyageuza maombi yake kuwa maombi ambayo Windows inayaelewa.

Huenda msomaji akadhani kwamba hiki ni kitu cha wataalamu wachache. Sivyo. Dirisha la Git Bash, ambalo maelfu ya wanafunzi na waandishi wa programu hulifungua kila siku kwenye Windows, linasimama juu ya MSYS2, mradi uliochipuka kutoka Cygwin. Kijana wa Nairobi au wa Dar es Salaam anayejifunza amri za Unix bila kuiondoa Windows kwenye kompyuta yake yuko mikononi mwa mkalimani wa aina hii, hata kama jina la Cygwin hajawahi kulisikia.

Sasa mkalimani anakutana na programu inayosogea mbele gigabaiti 10 na kuandika. Afanye nini? Ana njia mbili. Anaweza kuweka alama ya NTFS kimya, tundu likapatikana, na programu ikajiona iko Unix. Au anaweza kuiacha NTFS ifuate desturi yake, nafasi itengwe na sufuri zijazwe.

Zamani Cygwin ilifuata njia ya kwanza. Baadaye wasimamizi wake waligeuka. Waliacha kuunda mafaili yenye matundu kwa kawaida, na badala yake wakaweka chaguo. Anayehitaji matundu hufungua faili la /etc/fstab na kuongeza neno sparse kwenye mstari wa diski husika, kisha huanzisha upya programu zote za Cygwin. Mwongozo wa mradi unaeleza kwamba chaguo hilo lina maana kwenye NTFS tu, na kwa mtu anayeyahitaji matundu kweli. Sababu iliyotolewa ni kasi.

Sababu hiyo si ya kubuni. Kila programu inapoandika ndani ya tundu, NTFS hulazimika kutafuta mahali papya kwenye diski na kupaongeza kwenye orodha ya vipande vya faili. Faili linaloandikwa ovyo ovyo, kidogo hapa na kidogo pale, huishia kuwa na maelfu ya vipande vilivyotawanyika. Wasimamizi wa hifadhidata ya SQL Server wanaijua adha hii vizuri. Tangu toleo la 2005, SQL Server hutumia mafaili yenye matundu kuhifadhi picha ya hifadhidata ya wakati fulani, na ukaguzi wa uzima wa hifadhidata hutegemea picha ya aina hiyo. Faili likitawanyika kupita kiasi, NTFS hufikia kikomo chake na kurudisha kosa namba 665, ukaguzi ukakatika njiani hata kama diski ina nafasi tele. Tangu Windows 8 na Windows Server 2012 Microsoft imekuwa na namna ya kuumbiza diski kwa kumbukumbu kubwa zaidi za faili ili kupunguza tatizo hilo.

Kwa nini mwenye mali aamue

Wapo wanaolaumu uamuzi wa Cygwin. Hoja yao ina uzito: tabaka la upatanifu kazi yake ni kuifanya Windows ionekane kama Unix, na Unix hutoboa matundu bila kuulizwa. Kama mkalimani anaacha sehemu ya maneno, mkalimani huyo ni wa nini? Programu iliyoandikwa kwa imani kwamba kuruka mbele ni bure itajaza diski ya mtu, au itaganda kwa dakika kadhaa, na lawama itamwangukia mwandishi wa programu asiye na kosa.

Hoja hiyo hata hivyo inachanganya mambo mawili. Kiwango cha POSIX, ambacho ndicho kipimo cha upatanifu, kinadai kwamba eneo lililorukwa likisomwa litoe sufuri. Hakidai kwamba eneo hilo lisitumie nafasi kwenye diski. Kwa upande wa yaliyomo, Cygwin inatimiza ahadi katika hali zote mbili: sufuri ni zilezile, idadi yake ni ileile, na programu itasoma kitu kilekile. Kinachobadilika ni gharama, yaani nafasi na muda. Na gharama hiyo hailipwi na mwandishi wa programu aliye mbali wala na msimamizi wa Cygwin. Analipa mwenye diski. Kwa hiyo anayepaswa kuamua ni yeye, na neno moja kwenye /etc/fstab ni njia ya haki ya kumkabidhi uamuzi huo.

Ndiyo maana hatua iliyofuata inahitaji kutazamwa kwa makini. Katika matoleo ya karibuni, Cygwin huwasha chaguo la matundu yenyewe kila inapokuta diski ya SSD, na mwongozo unakiri kwamba hilo hufanyika kimyakimya. Kiufundi uamuzi una mantiki. SSD haina sindano inayohangaika kutoka kipande kimoja hadi kingine, kwa hiyo adha ya kutawanyika ni ndogo, na kuepuka kuandika gigabaiti za sufuri kunapunguza uchakavu wa diski. Tatizo ni huo ukimya. Kompyuta moja inaweza kuwa na SSD ndani na diski ngumu ya nje iliyochomekwa kwa waya. Mtumiaji anatoa amri ileile, ya programu ileile, kwa faili la jina lilelile. Upande mmoja anapata tundu, upande mwingine anapata gigabaiti zilizotengwa. Hakuna kinachomwambia kwa nini. Mstari mmoja wa taarifa kwenye matokeo ya amri ya mount, unaoonyesha kwamba matundu yamewashwa kwa sababu diski ni SSD, ungetosha.

Ukimya uliogharimu data

Anayedhani kwamba haya ni malalamiko ya mapambo na akumbuke Novemba 2023. Watumiaji wa Gentoo, moja ya familia za Linux, waligundua kwamba baadhi ya mafaili yaliyonakiliwa juu ya mfumo wa faili wa OpenZFS yalikuwa yameharibika: sehemu zilizopaswa kuwa na data zilijaa sufuri. Tatizo lilijitokeza walipokuwa wakisakinisha lugha ya programu ya Go. Nakala zilikuwa na ukubwa sahihi. Amri ya kunakili ilimaliza kazi bila kulalamika. Aliyefungua faili ndiye aliyekuta sufuri.

Kwanza lawama iliangukia kipengele kipya cha toleo la 2.2.0, na toleo la 2.2.1 likakizima. Uharibifu haukukoma. Uchunguzi ulipoendelea, chanzo kilionekana kuwa cha zamani zaidi, na kilihusu matundu. Mifumo ya kisasa ina njia ya programu kuuliza: tundu linaanzia wapi, na data inaanzia wapi? Programu ya cp, tangu toleo la 9.0 la GNU coreutils lililotoka Septemba 2021, hutegemea majibu ya swali hilo ili isinakili sufuri bure. Katika nafasi finyu ya wakati, faili likiwa limetoka tu kuandikwa na data yake bado haijafika kwenye diski, OpenZFS iliweza kujibu kwamba hapo pana tundu. Programu ya cp iliamini, ikaruka, na nakala ikabaki na sufuri mahali pa data. Marekebisho yalitoka mwishoni mwa Novemba katika matoleo ya 2.2.2 na 2.1.14. Kosa lilikuwa limelala ndani ya msimbo kwa miaka mingi, na likaamka kwa sababu programu ya kawaida kabisa ilianza kuuliza habari za matundu kila iliponakili.

Kisa hicho hakitoshi kuyafanya matundu kuwa mabaya. Kinaonyesha tu kwamba tundu ni dai: mfumo unadai kwamba hapa hapakuwahi kuandikwa kitu. Dai likiwa la uongo, hakuna kengele inayolia, kwa sababu sufuri ni data halali kama data nyingine yoyote.

Microsoft nayo ilijifunza kwa njia yake. Toleo la pili la mfumo wake wa kuendesha Linux ndani ya Windows, WSL 2, lililotangazwa mwaka 2019, huhifadhi Linux nzima ndani ya faili moja la diski pepe. Faili hilo hukua mtumiaji anapoongeza vitu, lakini halipungui anapovifuta, na wengi wamejikuta wakipoteza makumi ya gigabaiti. Septemba 2023 kampuni ilileta njia ya kulifanya faili hilo liwe la matundu ili nafasi irudi yenyewe. Baadaye njia hiyo ilizimwa kwa hofu ya kuharibu data. Leo mtumiaji akijaribu kuiwasha huambiwa wazi kwamba imezimwa na kwa nini, na akisisitiza hulazimika kuandika --allow-unsafe, maneno yanayotamka kwamba anachokifanya si salama. Inaweza kuonekana kama usumbufu. Ukweli ni kwamba huo ndio uungwana unaostahili kuigwa: hatari imetajwa kwa jina, na uamuzi umebaki kwa mwenye data.

Safari ya kwenda kwenye flashi

Kwa msomaji wa kawaida, mahali pa karibu zaidi pa kukutana na jambo hili ni kwenye kunakili. Faili lenye matundu linaishi vizuri likiwa nyumbani kwake, kwenye mfumo wa faili kama NTFS, ext4, XFS au APFS. Likihamishiwa kwenye flashi iliyoumbizwa kwa FAT32 au exFAT, matundu hayana pa kukaa, kwani mifumo hiyo haiyajui. Kila tundu hujazwa sufuri halisi. Faili lililokuwa likitumia gigabaiti 3 na kuonyesha gigabaiti 60 litadai gigabaiti 60 kamili, na kwenye FAT32 litakataliwa kabisa kwa sababu faili moja huko haliruhusiwi kufika gigabaiti 4.

Hata kati ya mifumo miwili inayoyajua matundu, usalama wa safari unategemea gari. Amri ya tar huyahifadhi ikipewa chaguo la -S. rsync nayo inahitaji -S yake. cp ikiambiwa --sparse=always hutafuta mifululizo ya sufuri na kuigeuza kuwa matundu hata kama chanzo hakikuwa nayo. Bila -S, rsync itaziandika sufuri zote upande wa pili, na hata ikipewa -S bado huzisafirisha njiani kama mzigo. Anayelipia intaneti kwa bando ana sababu ya kujali. Kubana faili kabla ya kulituma husaidia sana, maana mfululizo wa sufuri hubanika kuliko karibu kitu kingine chochote, lakini nafasi atakayoikuta anayelifungua upande wa pili ni suala jingine.

Ofisini hatari ni kubwa zaidi. Seva yenye diski ya terabaiti 1 inaweza kubeba mashine pepe tano, kila moja ikiwa imeambiwa kwamba ina gigabaiti 500. Ahadi zote pamoja ni terabaiti 2.5. Kila kitu kinakwenda sawa hadi siku mashine zinapoanza kujaza matundu yao. Diski ya seva hufika mwisho, na mashine zote tano husimama kwa pamoja ingawa kila moja inaamini bado ina nafasi ya kutosha. Vilevile, nakala ya akiba iliyochukuliwa kwa uangalifu pamoja na matundu yake inaweza kurejeshwa kwa chombo kisichoyajua, ikadai nafasi mara kumi ya ile iliyokuwepo. Hilo hugunduliwa siku ya dharura, wakati hakuna muda wa kununua diski nyingine.

Yanayopaswa kufanyika

La kwanza linawahusu watengenezaji. Cygwin, MSYS2 na wengine wote wanaotafsiri kati ya mifumo miwili waonyeshe hali ya matundu kwa kila diski mahali ambapo mtumiaji hutazama, si kwenye ukurasa wa ndani wa mwongozo pekee. Kama matundu yamewashwa yenyewe, ionekane hivyo. Kama yamezimwa, ionekane hivyo. Mradi wa Cygwin ni huria na msimbo wake uko wazi, kwa hiyo mtumiaji yeyote mwenye ujuzi, awe Mombasa au Mwanza, anaweza kupeleka pendekezo la marekebisho badala ya kungoja.

La pili ni la programu za kuonyesha mafaili. Windows tayari inajua vipimo vyote viwili: mtumiaji akifungua sifa za faili anaona ukubwa wa faili na ukubwa wake kwenye diski. Lakini orodha ya kawaida ya folda humpa cha kwanza tu, na watu wengi hawafiki kwenye dirisha la sifa. Pale vipimo viwili vinapotofautiana sana, orodha ingepaswa kuonyesha vyote.

La tatu ni la vyuo. Somo hili linaweza kufundishwa kwa zoezi fupi, tena Cygwin inafaa kuliko Linux tupu kwa sababu inaonyesha desturi zote mbili kwenye mashine moja. Mwanafunzi atumie diski ngumu ya nje yenye NTFS, bila neno sparse kwenye /etc/fstab. Aandike truncate -s 10G tupu.img, kisha alinganishe majibu ya ls -l na du -h. Yote mawili yatasema gigabaiti 10. Aongeze herufi moja mwishoni kwa printf x >> tupu.img na kusubiri sufuri zijazwe. Alifute faili, aongeze neno sparse, aanzishe Cygwin upya na arudie hatua zilezile. Sasa du itampa namba ndogo mno, na herufi ya mwisho itaandikwa papo hapo. Mwishowe atoe amri ya Windows ya fsutil sparse queryflag ili aione alama yenyewe. Mwanafunzi aliyelifanya zoezi hilo kwa mikono yake hatadanganywa tena na kipimo kimoja.

La nne, na ndilo la haraka zaidi, ni la taasisi zinazotunza data za watu: hospitali, benki, halmashauri, vyuo. Nyingi hununua mifumo ya nakala za akiba kwa kutazama bei na ukubwa wa diski. Sharti moja liongezwe kwenye zabuni: muuzaji achukue faili lenye matundu mbele ya mnunuzi, alinakili, alirejeshe kwenye diski nyingine, kisha vipimo vyote viwili visomwe kabla na baada ya safari, na yaliyomo yalinganishwe baiti kwa baiti. Jaribio hilo humalizika ndani ya asubuhi moja. Mfumo usioweza kulipita usilipiwe hadi utakaporekebishwa.